Mzigo Wenye Jina Hurudi Nyumbani

Mfugaji wa Ewuaso Kedong hahitaji kufundishwa maana ya alama. Mifugo ya maboma matatu ikikutana kwenye birika moja la maji, hakuna anayehofia kwamba ng'ombe wake ataondoka na kundi la jirani. Kila mnyama ana mkato wake wa sikio au chapa yake, na mwenye mali huijua hata kwa mbali. Ajabu ni kwamba mfugaji huyo huyo akisafiri kwenda Ngong, Kitengela au Kajiado mjini, huliweka begi lake jeusi ndani ya buti lenye mabegi mengine sita meusi, bila jina wala alama, kisha huketi kiti cha mbele na kutumaini mema.

Makala haya yanamweleza mkazi wa kaunti yetu namna ya kutambulisha na kulinda mizigo yake safarini, na hatua za kuchukua mzigo ukipotea. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: kufuli humchelewesha mwizi, lakini jina ndilo linalourudisha mzigo kwa mwenyewe. Wengi wetu hununua kufuli na kusahau jina.

SAFARI MOJA, MIKONO MINGI

Chukua mfano wa mkazi wa Ewuaso anayekwenda makao makuu ya kaunti, Kajiado mjini. Atapanda gari hadi Ngong kupitia Kimuka. Ngong atatafuta gari la Kiserian. Kiserian atapanda la Isinya, na Isinya atasubiri gari linaloelekea Kajiado. Hayo ni magari manne, na mzigo wake umepakiwa na kupakuliwa mara nane. Katika kila steji kuna kondakta, wapiga debe, wabebaji na vijana wa bodaboda, na kila mmoja anataka kusaidia. Wengi wao ni watu waaminifu wanaotafuta riziki. Lakini wana haraka, na mtu mwenye haraka huchukua begi la kwanza analoliona.

Mkazi wa Kitengela naye ana safari zake. Barabara ya Namanga hupitisha mabasi na matatu mchana na usiku: wanaokwenda Isinya, Kajiado, Bissil na Namanga, na wengine wanaovuka hadi Arusha. Wengine huelekea Loitokitok kupitia Emali, au Nairobi kupanda treni ama ndege. Kadiri safari inavyokuwa ndefu na vituo vinavyoongezeka, ndivyo mzigo unavyohitaji kujieleza wenyewe mahali ambapo mwenyewe hayupo.

SIMU YA MZEE MMOJA

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hili akiwa mwanafunzi wa uanahabari. Siku moja nilitoka Ewuaso nikielekea chuoni na begi jeusi la mgongoni, ambalo kondakta alilitia kwenye buti. Tulipofika Ngong mvua ilikuwa inanyesha. Nilinyooshewa begi jeusi, nikalipokea na kukimbilia gari la mjini.

Usiku, nilipolifungua, nilikuta koti la mtu mzima, shuka, na mfuko wa karatasi wenye dawa za shinikizo la damu za mwezi mzima. Nililipekua begi lote nikitafuta jina au nambari ya simu. Hapakuwa na chochote. Hata kwenye mfuko wa dawa palikuwa na maelezo ya namna ya kumeza tu.

Siku ya tatu simu yangu ililia. Sauti ya mzee ilisema, "Mwanangu, nguo zako ziko kwangu. Je, dawa zangu ziko kwako?" Alikuwa ameipata nambari yangu ndani ya jalada la daftari langu, mahali ambapo mama yangu alikuwa amesisitiza niiandike. Mzee huyo alikuwa amekaa siku hizo zote bila dawa.

Tulikutana Ngong, tukabadilishana mabegi, na akanishukuru sana. Lakini ukweli ni kwamba mimi sikumsaidia kwa lolote. Sikuwa na njia ya kumpata. Ni jina langu lililomsaidia, si lake. Katika kisa hicho hapakuwa na mwizi, wala kufuli haingebadilisha kitu. Palikuwa na mabegi mawili yanayofanana na mvua.

KWANZA: MZIGO UJIELEZE NJE NA NDANI

Andika lebo mbili kwa kila mzigo, moja ya nje na moja ya ndani. Lebo ya nje inaweza kung'oka ikisuguana na mizigo mingine, au kulowa na wino ukatoweka. Lebo ya ndani hubaki.

Kwenye lebo ya nje andika jina lako, nambari mbili za simu, na mji unaokwenda. Nambari ya kwanza iwe yako. Ya pili iwe ya jamaa ambaye hasafiri nawe. Sababu ni rahisi: ikiwa simu yako imo ndani ya begi lililopotea, au imeishiwa na chaji, au uko mahali pasipo na mtandao, nambari yako peke yake haitamsaidia aliyeliokota. Kama unavuka mpaka, anza nambari zote kwa +254 ili mtu aliye nje ya Kenya aweze kupiga.

Usiandike nambari ya kitambulisho wala anwani kamili ya nyumba yako upande wa nje. Nambari ya kitambulisho ni mojawapo ya mambo ambayo walaghai wa simu hutafuta. Nayo anwani ya nyumba humwambia kila anayesoma kwamba mwenye nyumba yuko safarini.

Kwenye karatasi ya ndani ongeza mji unakotoka, tarehe ya safari, na majina ya vitu vichache vilivyomo. Iweke juu kabisa, mahali ambapo mtu akifungua begi ataiona kabla ya kugusa nguo. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika na maji.

Kisha utie alama inayoonekana kwa mbali. Funga kipande cha shuka jekundu kwenye mpini, shona kitambaa cha rangi kali mfukoni, au chora mistari miwili ya rangi ubavuni. Alama hii haikusudiwi kumsomea mtu habari zako. Kazi yake ni kumzuia abiria mwenzako asilichukue begi lako akidhani ni lake, na kukuwezesha wewe kulitambua kondakta anapolishusha. Ndiyo kazi ya mkato wa sikio la ng'ombe.

Mwisho, piga picha. Piga picha ya mzigo ukiwa umefungwa, na nyingine ukiwa wazi ili vilivyomo vionekane. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari hilo limo ndani ya simu, na picha moja humsaidia afisa wa polisi au karani wa ofisi ya basi kuliko maelezo ya "ni begi jeusi, la wastani." Mtumie jamaa yako picha hizo pia, maana simu nayo huweza kupotea.

PILI: KUFUNGA KUNAKOFAA

Kufuli ndogo ina manufaa, lakini tujue mipaka yake. Zipu ya kawaida inaweza kupasuliwa kwa ncha ya kalamu ya biki, mtu akatoa anachotaka, kisha akaburuta vishikio vya zipu vilivyofungwa pamoja juu ya mahali palipopasuka, na zipu ikajifunga tena. Mwenye begi hatatambua hadi afike nyumbani. Njia ya kupunguza hatari hii ni kufungia vishikio vya zipu kwenye mpini au kwenye kitanzi cha begi ili visiweze kuburutwa. Hapo anayepasua zipu hawezi kuifunga tena, na uharibifu utaonekana mara moja.

Mfuko mkubwa wa miraba na gunia hushonwa mdomo kwa sindano ya gunia na uzi wa rangi ambayo si ya kawaida. Uzi ukikatwa na kushonwa upya kwa uzi mwingine, utajua. Katoni ifungwe kwa selotepu pana pande zote mbili, kisha kamba ipitishwe kwa umbo la msalaba. Andika jina juu ya katoni na ubavuni, kwa sababu katoni nyingine itawekwa juu yake.

Usijaze begi hadi zipu ilie. Begi lililojaa kupita kiasi hupasuka lenyewe kwenye keria, na vitu vikianza kumwagika barabarani hakuna lebo itakayoviokota.

Wakati wa mvua, mizigo iliyo juu ya gari ifunikwe kwa turubai. Ukitaka kujikinga zaidi, weka nguo ndani ya gunia safi kabla ya kuzitia kwenye begi. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa: ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Msafiri wa Namanga anayeingia na mifuko hiyo hujitafutia usumbufu.

TATU: VISIVYOTOKA MKONONI

Kuna vitu ambavyo haviendi kwenye buti, hata kama begi lina lebo mbili na kufuli tatu. Vibebe katika mkoba mdogo unaokaa mapajani au chini ya mkono wako:

- Kitambulisho, pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya shule.
- Dawa unazotumia kila siku, zikiwa na maelezo ya daktari.
- Pesa, kadi ya benki na simu.
- Funguo za nyumba.
- Maziwa na nguo za kubadilisha za mtoto mchanga.
- Hati za shamba na stakabadhi za kesi au za matibabu.

Kipimo cha kuchagua ni hiki. Jiulize: begi hili lisipofika leo, ni kitu gani kitaniletea hasara au hatari kabla ya jua kuchwa? Kitu hicho kisitoke mkononi. Nguo zinaweza kusubiri siku tatu. Dawa za shinikizo la damu haziwezi.

Kabla ya kusafiri na vyeti, vitolee nakala na uache nyumbani. Kupata kitambulisho kingine kunawezekana, na cheti cha mtihani kilichopotea huombwa kwa Baraza la Mitihani la Taifa. Lakini kote utahitaji muda na nauli. Kijana anayekwenda kwenye usaili wa kazi Jumatatu hawezi kuungoja utaratibu huo.

NNE: STEJINI NA NDANI YA GARI

Mzigo unapopakiwa, simama hapo hadi buti lifungwe. Usiketi kwanza. Ikiwezekana, uwe upande unaoiona buti gari linaposimama kushusha abiria wengine, kwa kuwa mizigo mingi hubadilishana katika vituo vya njiani na si mwisho wa safari. Mtu akishuka Kimuka au Isinya, buti hufunguliwa. Chungulia. Hakuna aibu kushuka na kutazama, na kondakta mwema hatakasirika.

Andika au piga picha nambari ya usajili ya gari na jina la SACCO lililo ubavuni. Ukikumbuka tu kwamba lilikuwa "matatu nyeupe", umekumbuka nusu ya matatu za Ngong. Kama unaweza, lipa nauli kwa M-Pesa. Ujumbe wa malipo hubaki na tarehe, saa na jina la aliyelipwa, na huo ni ushahidi kwamba ulisafiri katika gari hilo.

Mabasi ya masafa marefu hutoa tiketi ya mzigo yenye vipande viwili na nambari moja: kimoja hubandikwa kwenye mzigo, kingine hubaki nawe. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1882, John Michael Lyons wa Moncton nchini Kanada alipata hataza ya tiketi ya mizigo ya reli inayokatika vipande, na hadi leo reli, mabasi na ndege hutumia kanuni hiyo. Nambari zikilingana, mzigo ni wako. Zisipolingana, hautoki. Basi ukipewa kipande chako, kisome palepale uhakikishe nambari ndizo zilizo kwenye mzigo, na usikitupe hadi ufungue begi nyumbani.

Ikiwa gari halitoi tiketi, jitengenezee yako. Andika nambari moja kwenye vipande viwili vya karatasi, gundisha kimoja kwenye mzigo mbele ya kondakta na umwonyeshe kingine. Hilo huchukua dakika moja, na humkumbusha kondakta kwamba mzigo huo una mwenyewe anayefuatilia.

Bodaboda akikuchukulia mzigo huku wewe ukipanda nyingine, usimwache atangulie. Mzigo na mwenyewe waende pamoja. Kama haiwezekani, chukua nambari ya pikipiki na nambari yake ya simu, na uipige mbele yake uhakikishe inaita.

TANO: PARSELI BILA MSAFIRI

Wakazi wengi hutuma mizigo bila kusafiri nayo. Binti aliye Kitengela humtumia mama unga na dawa za mifugo hadi Ewuaso. Mama naye humtumia binti maziwa na nyama. Parseli ya namna hii inahitaji utambulisho kuliko mzigo mwingine wowote, kwa kuwa hakuna wa kuusemea njiani.

Andika jina na simu ya anayetuma, jina na simu ya anayepokea, na steji ya kushushia. Pata risiti, au angalau jina na simu ya kondakta na nambari ya gari. Mtumie anayepokea picha ya parseli na ya gari, na umwambie saa lilipoondoka. Mpokeaji atoe kitambulisho kabla ya kukabidhiwa. Na asiondoke stejini bila kukagua.

Hapa kuna onyo moja. Usikubali kubeba mzigo wa mtu usiyemjua, wala mzigo wa mtu unayemjua ikiwa hujaona vilivyomo. Polisi au maafisa wa forodha wakikuta dawa za kulevya au bidhaa za magendo ndani ya begi lililo mikononi mwako, wewe ndiwe utakayeulizwa kwanza, na "nilipewa tu nipeleke" ni neno dogo sana mbele ya hakimu. Akikuomba mtu stejini umshikie begi "dakika mbili tu aende msalani", mwambie kwa upole alibebe.

SITA: MASANDUKU YA WANAFUNZI

Shule zinapofunguliwa, keria za magari hujaa masanduku ya bati. Yote ni ya rangi zilezile, na yote yana kufuli zinazofanana. Mzazi, andika jina la mwanafunzi kwa rangi ya mafuta ndani ya kifuniko, pamoja na jina la shule, kidato au gredi, na nambari yako ya simu. Upande wa nje tosheka na jina la ukoo, herufi za kwanza za majina mengine, na nambari ya simu ya mzazi. Mgeni asiweze kumwita mtoto wako kwa jina lake la kwanza stejini kana kwamba wanajuana.

Barua ya kujiunga na shule, cheti cha kuzaliwa na hati za malipo ya karo zisiwe ndani ya sanduku. Zikae kwenye bahasha mkononi mwa mzazi, au katika mkoba wa mwanafunzi kama anasafiri peke yake. Ufunguo wa pili wa sanduku ubaki nyumbani. Na mfundishe mtoto kuikariri nambari yako ya simu.

SABA: TRENI, MPAKA NA NDEGE

Treni. Abiria wa SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa, huduma iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, hupitisha mizigo yao kwenye ukaguzi wa mbwa na mashine katika kituo cha Syokimau. Mizigo hupangwa chini kwa safu na wenyewe husogea kando. Hapo ndipo kipande chako cha shuka jekundu kinapofanya kazi, maana abiria wote hurudi kwa pamoja kuchukua mabegi yao. Fika mapema, na usiache begi peke yake popote kituoni. Begi lisilo na mtu huhesabiwa kuwa tishio la usalama.

Mpaka. Katika kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018, abiria hushuka na kumaliza shughuli za uhamiaji za nchi zote mbili katika jengo moja la nchi anayoingia. Maafisa wa forodha huweza kutaka mizigo ishushwe na ifunguliwe. Weka funguo karibu, ujue kilichomo katika kila begi, na hesabu mizigo yako kabla basi halijaondoka. Mtu aliyetoka na mizigo mitatu ahesabu mitatu, kwa sauti ikibidi.

Ndege. Familia nyingi za kaunti yetu zina mtoto au ndugu anayefanya kazi nchi za Ghuba au anayesoma ng'ambo. Mzigo wa buti la ndege hubandikwa lebo yenye herufi tatu za uwanja unaokwenda na nambari ya tarakimu kumi. Jomo Kenyatta ni NBO, na Moi Mombasa ni MBA. Kabla begi halijaondoka kwenye kaunta, soma herufi hizo uhakikishe ni za uwanja wako wa mwisho. Ng'oa lebo za safari zilizopita, kwa kuwa lebo ya zamani huweza kulipeleka begi kusiko. Betri za akiba za simu, yaani pawabenki, haziruhusiwi kwenye buti la ndege. Zibebe mkononi. Na begi moja lisizidi kilo 32, hata kama uko tayari kulipia uzito wa ziada.

Begi la ndege lisipotokea, usitoke uwanjani kabla ya kuandikisha ripoti kwenye ofisi ya mizigo na kupewa nambari ya ripoti. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama, malalamiko kuhusu begi lililoharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu ulipopokee, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Begi ambalo halijafika baada ya siku 21 huhesabiwa kuwa limepotea, na abiria ana haki ya kudai fidia, ambayo ina kiwango cha juu. Ndiyo maana vito na vyeti havitiwi humo.

NANE: MZIGO UKIPOTEA

Dakika za kwanza zina thamani kubwa kuliko siku zinazofuata. Fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Bakia stejini. Mwambie msimamizi wa steji au ofisi ya SACCO, mpe nambari ya gari, na aombwe dereva apigiwe simu kabla hajafika kituo kingine.
2. Kama begi moja limebaki ambalo halina mwenyewe, hiyo ni dalili kwamba mtu alilichukua lako kimakosa. Ombeni lifunguliwe mbele ya mashahidi, mkitafuta jina au nambari ya simu ya mwenyewe.
3. Kama simu au kadi imo ndani, piga kwa kampuni ya simu na benki kwa simu ya mwenzako, laini na kadi zifungwe.
4. Piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu. Chukua nambari ya OB, na uombe abstrakti kama kuna hati zilizopotea. Ofisi nyingine huweza kuitaka abstrakti hiyo.
5. Kwa kitambulisho, nenda Huduma Centre au ofisi ya usajili wa watu. Lakini uliza kwanza kwa chifu wako, kwani vitambulisho vinavyookotwa mara nyingi hufikishwa huko.
6. Ukitapeliwa kwa simu na mtu anayedai amepata begi lako na anataka utume pesa kwanza, usitume. Mwombe akueleze kitu kilicho ndani ambacho hakijaandikwa kwenye lebo.

Kwa dharura ya usalama, piga 999 au 112.

TISA: UKIJIKUTA NA MZIGO WA MTU

Hili hutokea, na si kosa kulitambua. Kosa ni kunyamaza. Fungua begi mbele ya mtu mwingine, tafuta jina au nambari, upige. Usipoikuta, rudisha begi katika ofisi ya SACCO au kituo cha polisi siku hiyo hiyo, na uache nambari yako. Kukaa na mali ya mtu ilhali mwenyewe anaweza kupatikana kunaweza kuhesabiwa wizi kisheria, hata kama ulianza kwa bahati mbaya. Ukikuta dawa ndani, usingoje kesho. Mahali fulani kuna mtu anayezihitaji kabla ya kulala.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Jiulize maswali matano. Je, jina langu liko nje na ndani? Je, kuna nambari ya simu ya pili? Je, begi langu lina alama ninayoiona kwa mbali? Je, nimepiga picha? Je, dawa na hati ziko mkononi? Ukijibu ndiyo mara tano, safiri salama.

Kazi yote hiyo ni ya dakika kumi, kwa kalamu moja, karatasi mbili na kipande cha shuka kuukuu. Mzee wa Ngong angezipata dawa zake usiku ule ule kama mfuko wake ungekuwa na nambari moja tu ya simu.